Niliyofunzwa na michezo ya tarakilishi

Kwa muda wa miaka 15 ambayo nimefundisha isimu katika chuo kikuu, nimekuwa nikiwaonya wanafunzi wangu dhidi ya mambo mawili: kunakili kazi za wenzao, na kukesha mbele ya michezo ya tarakilishi. Onyo la kwanza ningali nalo. La pili nimelazimika kulitafakari upya, na leo namwomba msomaji anivumilie nieleze sababu.

Mwezi wa Januari mwaka jana, mwana wa marehemu kaka yangu alihamia kwangu. Ni kijana wa miaka 14. Alikuja na sanduku la nguo, vitabu vya shule na tarakilishi kuukuu iliyokuwa ya babake. Alinisalimu kwa adabu, "Shikamoo, Baba Mdogo," kisha akanyamaza, na kimya chake kikadumu wiki nyingi. Nilimwuliza habari za shule, akajibu, "Nzuri." Nilimwuliza kama amelala vyema, akajibu, "Vyema." Mimi niliyeandika tasnifu nzima juu ya mazungumzo ya Waswahili nilishindwa kuzungumza na mtoto mmoja sebuleni mwangu!

Hatimaye nilivuta kiti nikaketi kando yake nitazame anachokicheza. Tangu usiku huo tumecheza pamoja karibu kila Ijumaa, na michezo mitano ndiyo iliyonikaa moyoni.

Wa kwanza haukuwa mgeni kwangu. Tulipokuwa wanafunzi wa shule katika miaka ya 1990, wenzangu wengi walikuwa na kijimashine cha mkononi ambamo matofali yaliporomoka kutoka juu, nawe ukayageuzageuza mpaka safu ikajaa na kutoweka. Asili ya mchezo huo ni Tetris, uliobuniwa mwaka wa 1984 na Alexey Pajitnov, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha tarakilishi cha Taasisi ya Sayansi ya Kisovieti mjini Moscow. Mashine aliyotumia haikuweza kuchora picha, kwa hiyo maumbo yake aliyaunda kwa alama za mabano. Maumbo yenyewe ni saba tu, kila moja la miraba minne. Hata hivyo, michezo miwili haifanani kamwe, kama vile sauti chache za lugha zinavyotosha kuunda sentensi zisizo na idadi. Mnamo Desemba 2023 mvulana wa Kimarekani wa miaka 13 alicheza toleo la zamani la mchezo huu hata mashine ikashindwa kuendelea, ikakwama. Kijana wetu ndiye aliyenisimulia habari hiyo, na hiyo ndiyo iliyokuwa hotuba yake ya kwanza nyumbani kwangu. Ilichukua dakika tano nzima. Sikuthubutu kuikatiza.

Mchezo wa pili unaitwa Baba Is You, kazi ya Arvi Teikari wa Ufini, uliotolewa mwaka wa 2019. Nakiri kwamba jina hilo lilinishtua nilipoliona kwenye kioo. Huyo Baba si mzazi wa mtu yeyote. Ni kijinyama cheupe chenye masikio. Lakini katika mchezo huu sheria zote zimeandikwa kwa maneno yaliyotandazwa uwanjani, nawe waweza kuyasukuma. Ikiwa imeandikwa kwamba ukuta ni kizuizi, hupiti. Ukilisukuma neno la mwisho kando, sentensi imevunjika, na ukuta huo huo unaupita kana kwamba ni moshi. Sijapata kuona mfano bora wa kumwonyesha mwanafunzi kwamba maana ya sentensi hukaa katika mpangilio wa maneno yake.

Tulijaribu kuutafsiri. Tulikata kadi kutoka kwa karatasi za mitihani ya zamani tukazitandaza mezani. "Baba ni wewe" ilikubali mara moja, kwa kuwa "ni" yetu hufanya kazi safi. Matatizo yalianza tulipofika kwenye rangi. Kwa Kiingereza neno moja la wekundu hutosha vitu vyote. Kwa Kiswahili baba ni mwekundu, jiwe ni jekundu, kiti ni chekundu na milango ni myekundu. Kijana alifikiri kidogo, kisha akachukua mkasi akaikata kadi vipande viwili: "ekundu" upande mmoja, na upande wa pili vijikadi vya viambishi. Baadaye akauliza, "Baba Mdogo, mbona nyumba ni nyekundu na baba si nyekundu, na yote mawili hayaanzi na m?" Walimu wenzangu wa Kiswahili wanajua uzito wa swali hilo. Ni swali la upatanisho wa viumbe wenye uhai, ambalo baadhi ya wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu hawajapata kujiuliza. Aliyeliuliza ni mtoto ambaye ripoti yake ya shule ilisema kwamba ngeli zimemshinda.

Jambo jingine lilitokea usiku huo. Katika mchezo huu ukiivunja sentensi inayosema Baba ni wewe, huna tena umbo la kuliongoza, na kila kitu husimama. Aliivunja kwa bahati mbaya. Aliitazama picha ile iliyokufa kwa muda mrefu, akasema, "Sasa hakuna mtu." Kisha akabonyeza kitufe cha kurudi nyuma, Baba akasimama tena. Sikusema neno.

Wa tatu ni Chants of Sennaar, uliotengenezwa Ufaransa na kutolewa mwaka wa 2023. Umejengwa juu ya kisa cha Mnara wa Babeli. Msafiri hupanda mnara unaokaliwa na jamii mbalimbali, kila moja ikiwa na maandishi na lugha yake, wala hakuna kamusi. Unaona alama mlangoni, unasikiliza watu wanavyosalimiana, unakisia, unaandika kisio lako daftarini. Ukifaulu kuzilinganisha alama zote za ukurasa na picha zake, mchezo unathibitisha. Ukikosea, hakuna kengele wala alama ya mkasi. Kisio lako linabaki pale mpaka wewe mwenyewe uone kwamba halilingani na yale unayoyasikia.

Hapo ndipo nilipoanza kuiangalia kalamu yangu nyekundu kwa jicho jingine. Wahenga wanasema kwamba kufanya kosa si kosa, kosa ni kulirudia kosa. Kwa heshima zote kwao, mchezo huu umenifundisha kwamba hata kulirudia kosa huenda kusiwe kosa, mradi kila mara mtu anarudi na sababu mpya. Alama moja tuliifasiri visivyo mara nne. Mara ya tano tuliipata, na hatutaisahau.

Mchezo huo una fundisho jingine, na hili latuhusu sisi Wakenya. Ukifika kwa wapiganaji wa mnara, unajifunza neno lao la kuwaita waumini wa ghorofa ya chini. Maana yake ni wasio safi. Mimi nilikuwa nimekwisha kukaa na waumini hao na kuijua lugha yao, nikaona uchungu. Hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Mnamo Aprili 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitoa orodha ya maneno ya chuki ya kuepukwa kabla ya uchaguzi, na "madoadoa" lilikuwa mojawapo. Ni neno la kawaida kabisa katika kamusi, hata pale linapoelekezwa kwa jirani yako. Ili kuumaliza mchezo ipasavyo, msafiri hulazimika kuwa mkalimani, awaunganishe watu ambao kila mmoja ana jina baya la mwenziwe.

Wa nne niliucheza peke yangu baada ya kijana kulala, maana una damu na vifo vingi. Ni Return of the Obra Dinn wa Lucas Pope, uliotolewa mwaka wa 2018. Merikebu ya biashara iliyotoka London mwaka wa 1802 inarejea Uingereza mwaka wa 1807 bila mtu hai ndani. Wewe ni mkaguzi wa Kampuni ya Uhindi Mashariki, na kazi yako ni kutambua majina ya watu 60 waliokuwamo na yaliyowapata. Wametoka nchi nyingi: Waingereza, Wahindi, Wachina, Warusi na wengineo. Mara nyingi unachopewa ni sauti chache za mwisho za mtu, na picha ya wakati wa kufa kwake.

Kwa mwanaisimu hiyo ni kazi ya furaha, nami niliingia kwa majivuno. Lafudhi ni taaluma yangu! Mara mbili nilimhukumu mtu kwa lafudhi yake, na mara zote mbili nikakosea. Nilipokosea mara ya pili nilimkumbuka msichana mmoja niliyemfundisha miaka mingi iliyopita. Alisimama darasani kusoma insha yake, akatamka "kula" mahali pa "kura". Darasa likacheka. Nami, mwalimu wao, nikacheka. Hakufungua tena kinywa mpaka muhula ukaisha. Insha yenyewe ilikuwa nzuri kuliko zote, lakini hilo nililijua baadaye, nilipoisahihisha. Iwapo anasoma ukurasa huu, namwomba msamaha.

Wa tano ni Tales of Kenzera: ZAU, uliotolewa Aprili 2024 chini ya uongozi wa Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, ambaye aliubuni kutokana na majonzi ya kufiwa na babake. Kijana Zuberi ameachiwa na marehemu baba yake kitabu cha hadithi. Katika hadithi hiyo, mganga chipukizi aitwaye Zau anaapa kumletea Kalunga, mungu wa mauti, pepo watatu wakuu, ili naye arudishiwe baba. Mchezo unaweza kuchezwa kwa sauti za Kiswahili. Tulichagua Kiswahili.

Sikuwa nimetarajia athari yake. Mtoto aliyezoea kusikia mashujaa wakinena Kiingereza au Kijapani alimsikia mmoja akimlilia babake kwa lugha ya nyumbani. Tulicheza mpaka saa saba za usiku. Alipozima mashine alikaa kimya, kisha akaniuliza, "Baba alikuwaje alipokuwa mdogo kama mimi?" Nilimwambia. Nilimweleza jinsi kaka yangu alivyoiba maembe akanisingizia mimi, jinsi alivyonibeba mgongoni kuvuka mto uliofurika, na jinsi alivyokuwa akisoma magazeti kwa sauti hata pasipokuwa na msikilizaji. Kulipambazuka tungali tunazungumza.

Sisemi kwamba kila mchezo ni shule. Ipo mingi iliyotengenezwa ili kumfyonza mtoto fedha na usingizi, na mzazi asiyejua mwanawe anacheza nini amezembea. Wala sisemi kwamba tarakilishi ichukue nafasi ya kitabu. Ninachowaomba walimu ni kitu kidogo: tumwachie mwanafunzi nafasi ya kukisia kabla hatujamsahihisha, na tusimfanye ajutie kisio lake. Nanyi wanafunzi mnaosomea tarakilishi katika vyuo vyetu, mchezo wa viambishi ungali mezani pangu, umekatwa kwa mkasi. Unamsubiri mtu wa kuutia uhai.

Ripoti ya muhula uliopita ilionyesha kwamba alama za kijana za Kiswahili zimepanda kidogo, za hesabu zimeshuka kidogo. Ijumaa hii amesema turudie mchezo wa matofali. Nimekubali, ingawa najua atanishinda.