Jinsia Hairithiwi, Asili Hurithiwa

Mwaka 2015 wazazi wa Rachel Dolezal, aliyekuwa kiongozi wa tawi la chama cha kutetea haki za Weusi mjini Spokane, Marekani, walisema hadharani kwamba binti yao ni Mzungu, mtoto wa Wazungu. Mwenyewe alishikilia kuwa anajitambua kama Mweusi. Tangu hapo wapo wanaohoji: ukimkubali mwanamke ambaye alipozaliwa aliandikwa mvulana, utamkataaje Dolezal? Mwanafalsafa Rebecca Tuvel aliichapisha hoja hiyo mwaka 2017 katika jarida la Hypatia, akitaka wote wawili wakubaliwe. Mimi siioni ikisimama, na sababu inaonekana vizuri huku Pwani.

Mgeni akifika Msimbu, Kisarawe, akasema ni Mzaramo, ataulizwa ukoo wake, mama yake ni mtu wa wapi, wazee wake wamezikwa wapi. Anayedai asili anadai pia bibi na babu, na hao wana watu wao. Mlango haujafungwa. Mapokeo ya Wazaramo wenyewe yanataja safari kutoka upande wa Uluguru, na katika karne ya 19 wapo wapagazi wa Kinyamwezi na watu waliotoka utumwani waliolowea ukanda huu, wakaoa, wakazika, wakataniwa, hata wajukuu wakawa wenyeji. Ila uenyeji huo ulijengwa na vizazi. Hakuna aliyeupata kwa kujitangaza.

Zanzibar mambo yalikwenda haraka zaidi. Katika sensa ya 1924 watu zaidi ya 30,000 waliandikwa Waswahili. Ilipofika 1931 walibaki kama 2,000 tu. Hawakufa wala hawakuhama. Jina hilo lilikuwa limeanza kunuka utumwa, na serikali ya kikoloni ilipima heshima na haki za mtu kwa asili yake, kwa hiyo wengi walijiandikisha Washirazi, au kwa majina kama Wahadimu na Watumbatu. Hata hapo, aliyejiita Mshirazi aliwabeba wazazi na ndugu zake, kwa kuwa asili ya mmoja ndiyo ya nduguze.

Jinsia haiendi hivyo. Tumbo moja huzaa kaka na dada. Mtu anayesema yeye ni mwanamke hasemi lolote kuhusu babu yake, wala hamnyang'anyi mtu mababu. Anasema juu ya nafsi yake na maisha anayoyaishi kila siku. Oktoba 2014 Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru Baraza la Mitihani limpe Audrey Mbugua, mwanamke ambaye alipozaliwa aliandikwa mvulana, cheti kipya chenye jina lake, bila alama ya jinsia. Maksi alizopata kwenye mtihani zilikuwa zake. Kilichobadilishwa hakikumpunguzia mtu mwingine yeyote chochote.

Kuna pingamizi moja zito: wanawake nao wana historia yao ya kuonewa. Ni kweli kabisa. Lakini tazama inavyofika. Mjane akinyang'anywa shamba, umaskini unawaangukia watoto wake wote, wa kiume na wa kike, maana wao ni ukoo. Uzito wa kuwa mwanamke humkuta kila binti upya, katika maisha yake mwenyewe, hata kama baba yake ni tajiri. Utumwa wa Marekani ulishuka kama lile shamba lililopotea: kutoka kwa wazazi kwenda kwa watoto, nyumba kwa nyumba. Mababu wa Dolezal hawakuwa katika nyumba hizo.