Kishikwambi cha Bei Nafuu Kinataka Kazi Moja

Tanzania ilipohesabu watu wake Agosti 2022, karani wa sensa hakutembea na rundo la madodoso ya karatasi. Alishika kishikwambi. Kenya ilikuwa imetangulia kufanya hivyo katika sensa yake ya Agosti 2019. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi kwa kifaa: kufungua dodoso, kupokea majibu, kuyatuma. Sensa ilipokwisha, vishikwambi vya Tanzania vikagawiwa kwa walimu, na mwalimu ana mahitaji mengi kuliko karani. Anaandaa somo, anasoma PDF ya mtaala, anawaonyesha wanafunzi video, na huku kundi la WhatsApp la shule halinyamazi.

Tofauti hiyo ya matumizi ndiyo inayoamua kama fedha yako imekwenda vizuri au imepotea. Tukisema kishikwambi fulani ni kizuri au kibaya, mara nyingi tunakuwa hatujauliza kitafanya nini. Nachukua mfano wa kifaa kimoja kinachofahamika: Galaxy Tab A7 Lite ya Samsung, iliyotoka mwaka 2021 na kuuzwa Marekani kwa dola 160 hivi. Leo ni rahisi kuikuta kwa wauzaji wa vifaa vilivyotumika, na mengi nitakayosema juu yake yanahusu pia vishikwambi vingine vya daraja lake.

Uzuri wake unaonekana ukiishika tu. Mwili ni wa chuma, uzito ni takriban gramu 370, skrini ina inchi 8.7, na spika ni mbili. Tundu la hedifoni lipo. Ipo aina yenye sehemu ya laini ya simu, na memori kadi inaweza kufika TB 1. Betri ni ya mAh 5,100. Ukipiga hesabu ya umeme, hizo ni kama saa-wati 20, wakati kompyuta mpakato nyingi zina betri ya saa-wati 40 au zaidi. Kwa anayeishi mjini hesabu hiyo haina maana kubwa. Kwa familia inayotumia sola ndogo ya nyumbani ina maana sana: umeme wa kujaza mpakato mara moja unajaza kishikwambi hiki mara mbili. Pawabenki ya mAh 10,000 nayo inakijaza mara moja na kubakiza kiasi. Sijui kifaa kingine chenye skrini ya kusomea kitabu kinachokubaliana na maisha ya kijijini namna hii kwa bei hiyo.

Ubaya wake hauonekani dukani, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanaumizwa. Aina ya bei ya chini kabisa ina RAM ya GB 3 na hifadhi ya GB 32. RAM ni mahali ambapo programu zilizofunguliwa hukaa wakati zinafanya kazi. Sehemu kubwa ya hizo GB 3 huchukuliwa na Android yenyewe kabla hujagusa chochote. Kinachobaki kinatosha programu moja nzito, au mbili nyepesi. Ukifungua ya tatu, mfumo unalazimika kuifunga ya kwanza kimyakimya. Ndiyo maana unajaza fomu ya mtandaoni, unatoka kwenda kuangalia namba kwenye ujumbe, unarudi na kukuta ukurasa umefunguka upya na fomu ni tupu. Mtu hulaumu mtandao, wakati tatizo liko ndani ya kifaa.

Hifadhi ina shida yake, na hii haielezwi vya kutosha. Vishikwambi vya bei nafuu hutumia hifadhi ya aina ya eMMC, wakati simu za bei ya juu hutumia UFS. eMMC ni kama daraja la gari moja: data inayoingia na inayotoka haziwezi kupishana. Isitoshe, chipu za namna hii haziandiki juu ya maandishi ya zamani. Lazima kwanza zifute kipande kizima, na kama ndani ya kipande hicho kuna data inayohitajika bado, ihamishiwe pengine kabla ya kufuta. Hifadhi ikiwa na nafasi, kazi hiyo hufanyika bila wewe kujua. Ikijaa, chipu hukosa pa kuhamishia, na kila unapogusa skrini unasubiri. Sasa kumbuka kwamba mfumo na programu za kiwandani hula GB 10 au zaidi kati ya zile 32. Mwaka mmoja wa picha za WhatsApp unatosha kukifikisha kifaa hapo. Memori kadi inasaidia kuhifadhi video na vitabu, lakini programu nyingi bado zinakaa kwenye hifadhi ya ndani, kwa hiyo kadi kubwa haikiponyi kifaa kilichojaa.

Hapa niseme neno kuhusu maboksi yanayoandikwa "RAM 8GB" na chini yake, kwa herufi ndogo, "4+4". Zile nne za pili si RAM. Ni kipande cha hifadhi kilichotengwa ili mfumo ukitumie kama RAM, na hifadhi hiyo ni ile ile ya eMMC ambayo kasi yake iko mbali sana na ya RAM ya kweli. Zihesabu nne, basi. Nakasirishwa na tangazo hili kwa sababu linamlenga mnunuzi mwenye fedha kidogo, yule ambaye hawezi kununua mara mbili.

Masasisho nayo yana pande mbili. Kifaa hiki kilitoka na Android 11 na kikapandishwa hadi Android 14. Hilo ni jambo la kupongezwa, maana vishikwambi vingi visivyo na jina hubaki na toleo lile lile ambalo vilitoka nalo kiwandani hadi programu za benki zianze kuvikataa. Lakini kila toleo jipya linataka nafasi zaidi, na RAM haiongezeki. Kinachokulinda dhidi ya wezi wa mtandaoni ndicho kinachokipunguzia kifaa kasi. Mimi nachagua usalama, na ndiyo maana namshauri mnunuzi asichukue chini ya RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64, hata kama itabidi asubiri mshahara mwingine.

Tuje kwenye skrini, maana wengi wanataka kishikwambi kwa ajili ya kusoma. Inchi 8.7 ni kipimo cha mshazari. Ukikishika wima, upana wa skrini ni takriban sentimita 11.3, wakati karatasi ya A4 ina sentimita 21. Mtihani uliopita uliochapwa kwa herufi za ukubwa wa 12 utaonekana kama umechapwa kwa herufi za 6 na kitu. Mtoto wa darasa la sita atasoma, ila mwalimu wa miaka hamsini atavuta ukurasa kushoto na kulia hadi achoke. Kishikwambi cha inchi 10.5 kama Galaxy Tab A8 kina upana wa sentimita 14 hivi, na herufi hizo hizo zinafika ukubwa wa 8. iPad ya mwaka 2018, ya inchi 9.7, ina umbo linalokaribiana zaidi na karatasi, kwa hiyo nayo inakaribia sentimita 15. Ila iPad hiyo haipokei matoleo mapya kupita iPadOS 17, na ukiinunua mtumba hakikisha akaunti ya mwenye nayo wa kwanza imeondolewa mbele ya macho yako. Isipoondolewa, umenunua kioo.

Kwa riwaya na vitabu vya mfumo wa EPUB, ambao hupanga herufi upya kulingana na skrini, inchi 8.7 inatosha kabisa. Kwa video za masomo pia.

Mwanafunzi wa chuo anayetakiwa kuandika ripoti ya kurasa hamsini yenye majedwali, simshauri anunue kishikwambi cha daraja hili, hata akiongeza kibodi ya blututhi. Mpakato wa mtumba utamfaa zaidi. Mtoto wa shule ya msingi anayehitaji vitabu na video, mama lishe anayetunza hesabu zake, fundi anayewaonyesha wateja picha za kazi zake: hao kitawatumikia vizuri, mradi kisifanywe simu ya pili ya nyumba nzima. Toa programu usizozitumia, zuia WhatsApp isijipakulie video yenyewe, na uache angalau robo ya hifadhi wazi.

Vipo pia vishikwambi vya bei ya kushangaza vinavyodai RAM ya GB 12 na hifadhi ya GB 512. Kwa fedha hiyo haviwezi kuwa navyo. Mara nyingi mfumo umechezewa ili uandike namba kubwa, na utakapojaza faili, za mwanzo zitaanza kuharibika. Jina la prosesa husema zaidi kuliko namba za boksi. Litafute mtandaoni ukiwa hapo hapo dukani. Kisha mwombe muuzaji akiwashe kifaa. Kama kinatumia laini, bonyeza *#06# au ingia kwenye mipangilio upate namba ya IMEI, kisha itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 ukiwa Tanzania au 1555 ukiwa Kenya, uone kama jina linalorudi ni la kifaa ulichoshika. Halafu fungua programu tatu kwa mpigo, rudi kwenye ya kwanza, na uangalie kama bado iko pale ulipoiacha.