Siku za Mimba na Deni la Saumu

Wasomaji wetu, hasa mama na dada zetu, wametuzoea kwa masuala ya twahara na saumu. Leo tunayafuata masuala hayo hadi kwa mkunga, kwa sababu ya jambo lililotukuta Iguhu, kusini mwa mji wa Kakamega, alikoolewa binti wa ndugu yetu.

Tulikuta nyumba imeingiwa na hofu. Kitabu chake cha kliniki kilionyesha ametimiza wiki 41, na uchungu haujaonekana. Mavyaa yake, kwa nia njema kabisa, alikwisha chemsha mizizi ya kuharakisha uzazi. Tuliomba isinywewe kwanza, kisha tukaandamana nao kwa mkunga.

Mkunga alimpima kwa utepe kama wa fundi cherehani, tangu mfupa wa kinena hadi kilele cha mji wa mimba: sentimita 36. Baina ya wiki ya 20 na ya 36, sentimita hizo hukaribia idadi ya wiki, zikizidi au kupungua kwa mbili tatu. Akafunua kurasa za nyuma. Siku ya kwanza ya kliniki, kilele kilikuwa usawa wa kitovu, yaani wiki ya 20 hivi, ilhali tarehe zilisema 25. Kila hudhurio, upungufu ni ule ule. Mtoto asiyekua, alitueleza, huzidi kubaki nyuma. Huyu amekua sawasawa, basi iliyokosewa huenda ni tarehe.

Binti aliulizwa hedhi ya mwisho kwa miezi ya Kizungu, akaona haya kusema hakumbuki, akakisia. Sisi tukamwuliza: Ramadhani iliyopita una deni la siku ngapi? Akajibu papo hapo: saba, tangu tarehe 21, kwani alisikitika kuukosa usiku wa kwanza wa kumi la mwisho. Baada ya hapo hakuona damu tena.

Kanuni ya kliniki inanasibishwa na Franz Naegele, tabibu Mjerumani wa karne ya 19. Chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, rudi miezi mitatu, ongeza siku saba: 10 Januari huleta 17 Oktoba. Ni siku 280 hivi. Kwa miezi yetu ya kuandama, ni miezi tisa na siku 14. Kutoka 21 Ramadhani tukafika 21 Mfungo Tisa, kisha tarehe 5 au 6 Rajab. Zilibaki wiki nne!

Izingatiwe kuwa hesabu huanza hedhini, si siku ya kushika mimba. Tofauti ni kama wiki mbili. Tumewahi kuletewa shauri la mume aliyerudi safari wiki sita zilizopita, akasoma kitabuni "wiki nane", akamdhania mkewe mabaya. Wiki nane za kitabu ni wiki sita za mimba. Ni dhuluma iliyoje kuvunja nyumba kwa hesabu usiyoijua!

Kwa anayenyonyesha, aliyetoka kwenye sindano za uzazi wa mpango, au ambaye hedhi yake haina mpango, tarehe hazitoshi. Huyo awahi altrasaundi. Shirika la Afya Duniani linashauri moja kabla ya wiki ya 24. Katika miezi mitatu ya mwanzo hukosea siku chache tu, lakini mwishoni hukosea hata wiki mbili au tatu. Tena Iguhu, kama kwetu pwani, malaria ipo, na vidonge vya kumkinga mjamzito huanza wiki ya 13. Asiyejua wiki zake atavianza lini?

Hata tarehe sahihi ni makadirio. Katika watoto 20 huzaliwa siku yenyewe kama mmoja tu. Binti yetu alijifungua mtoto wa kike usiku wa kuamkia tarehe 9 Rajab. Ile mizizi, mavyaa yake alikwisha imwaga mwenyewe.