Usiikubali Oveni Isiyojizima

Dalili inajulikana kwa kila fundi wa majiko, awe Busia ya Kenya, Busia ya Uganda au Tororo mjini: ukibonyeza swichi ya oveni moto unawaka, ukiachia unazimika. Mara nyingi mkosaji ni themokapo, kijiti chembamba ambacho ncha yake hulambwa na moto. Hapo mwenye nyumba ana njia mbili: kununua spea, au kumwachia fundi ailazimishe vali ikae wazi ili mapishi yaendelee. Njia ya pili ni rahisi, na haifai kabisa.

Ndani ya kijiti hicho kuna metali mbili tofauti zilizounganishwa nchani. Zikipata moto huzalisha umeme wa milivolti 20 hadi 30 hivi, kwa kanuni aliyoigundua Thomas Seebeck mwaka 1821. Hata ukifika 30, ni sehemu ya hamsini tu ya volti za betri ndogo ya tochi, lakini unatosha kuipa nguvu sumaku inayozuia vali isijifunge. Moto ukizimika, ncha hupoa, sumaku huachia na gesi hukatika. Vali ikishalazimishwa, hakuna tena cha kuikata.

Wapo watakaosema jicho la mpishi linatosha. Kwa meko ya juu hoja hiyo ina uzito kidogo, maana moto unaonekana. Katika oveni, bomba la moto limejificha chini ya bamba la chuma na mlango umefungwa. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama chini badala ya kupanda na kutoka dirishani. Harufu iliyotiwa humo haimsaidii aliyekwenda sokoni na kuacha mkate ukiiva.

Wengine watalalamikia gharama. Ni kweli, na ndiyo maana ukaguzi utangulie ununuzi: funga mtungi, acha oveni ipoe, futa masizi, kaza nati iliyolegea, hakikisha ncha haijaukwepa moto. Ikishindikana, peleka kijiti cha zamani dukani, kwa kuwa urefu na nyuzi za nati hutofautiana. Spea ikikosekana upande mmoja wa Busia, wa pili ni mwendo wa miguu, na kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa mwaka 2018 kimepunguza foleni za karatasi. Watu wa Tororo wana mpaka wa Malaba. Ila dai risiti popote unaponunua, maana spea mbovu ya ng'ambo ni ngumu zaidi kuirudisha.

Baada ya kufunga, paka povu la sabuni kwenye viungio. Povu likifura, gesi inavuja. Kisha washa oveni dakika chache, funga mtungi, moto uzimike, usikilize "tak" ya vali ikijifunga. Fundi alipwe baada ya mlio huo, si baada ya moto kuwaka.