Udao ni zaidi ya kitabu cha Laozi

Wengi wanaousikia Udao huupata kupitia kitabu kimoja chembamba, Daodejing, chenye sura 81 na herufi za Kichina zipatazo 5,000. Kitabu hicho ni hazina, na kinastahili kusomwa zaidi ya mara moja. Tatizo ni kwamba msomaji akiishia hapo atadhani Udao ni hekima ya mzee mmoja aliyependa ukimya. Hatakuwa amekutana na makuhani, waganga, watawa na wanavijiji ambao kwa karibu miaka 2,000 wameutumia kuomba mvua, kuzika wafu wao na kutafuta dawa za wagonjwa wao.

Mzee mwenyewe hajulikani sawasawa. Masimulizi yanasema Laozi alikuwa mtunza nyaraka wa wafalme wa Zhou, akaona dola inadhoofika, akashika safari ya magharibi. Mpakani, mlinzi aitwaye Yin Xi akamsihi asiondoke bila kuacha maandishi. Lakini Sima Qian, mwanahistoria aliyeandika karibu mwaka 100 KK, alitaja zaidi ya mtu mmoja anayeweza kuwa ndiye Laozi, wala hakukata shauri. Makaburi nayo yameleta ushahidi wake. Mwaka 1973, huko Mawangdui, zilipatikana nakala za kitabu hicho zilizoandikwa juu ya hariri, katika kaburi lililofungwa mwaka 168 KK, na nusu zake mbili zimepangwa kinyume na tulivyozoea. Mwaka 1993 huko Guodian, jimbo la Hubei, kaburi la karibu mwaka 300 KK lilitoa vipande vya mianzi vyenye sehemu tu ya sura hizo. Kwa maoni yangu jibu liko wazi: kitabu hiki kilikua taratibu, mikononi mwa watu wengi.

Kinachofundishwa humo ni kwamba kila kilichopo kinatoka kwenye Dao, yaani njia, na kwamba hiyo Dao haiamrishi wala haijivuni. Yin na yang, giza na nuru, ulaini na ugumu, hupokezana zamu bila kumalizana. Binadamu naye anahimizwa kuishi kwa wuwei, kutenda bila kulazimisha. Wako wanaodhani huo ni uvivu. Anayewajibu vizuri kuliko wote ni Zhuangzi, mwandishi wa karne ya nne KK, kwa kisa cha mpishi Ding. Mpishi huyo alikuwa akikatakata ng'ombe mbele ya bwana wake, na kisu chake kilikuwa na miaka 19 bila kunolewa upya. Wapishi wengine hukata na kupasua mifupa, visu vyao vikaharibika. Ding alitafuta uwazi ulioko kwenye maungio na kupitisha makali humo humo. Akifika penye mafundo hupunguza mwendo, macho yakatulia, mkono ukasogea kidogo kidogo mpaka nyama iachane. Hapo hakuna uvivu hata chembe. Kuna miaka mingi ya kazi iliyomfundisha mtu asipigane na kitu anachokishika.

Dini yenyewe ilizaliwa mwaka 142 BK, kwenye milima ya Sichuan, pale Zhang Daoling aliposema kwamba Laozi, sasa akiwa mungu, amemtokea na kumpa agano jipya. Wafuasi wake walitoa nafaka kila mwaka, na watu wakaliita kundi lao Njia ya Pishi Tano za Mchele. Chini ya mjukuu wake, Zhang Lu, walijitawala wenyewe kwa miongo kadhaa, hadi waliposalimu amri kwa jemadari Cao Cao mwaka 215.

Hapa napenda kukaa kidogo, maana ndipo moyo wa Udao unapoonekana. Waliamini maradhi yanatokana na makosa. Mgonjwa aliingia katika chumba cha ukimya, akayakumbuka matendo yake, kisha kuhani akaandika ungamo lake katika nakala tatu. Moja iliwekwa mlimani kwa ajili ya mbingu, ya pili ikafukiwa kwa ajili ya ardhi, ya tatu ikazamishwa majini. Mgonjwa alipewa pia maji yenye majivu ya talasimu iliyochomwa. Msomaji wa pwani anayejua kombe hatashangaa kwamba maandishi yanaweza kunywewa. Mwenye kosa dogo aliweza kuagizwa atengeneze kipande cha barabara. Kando ya njia palijengwa nyumba za wasafiri zenye mchele na nyama, kila mtu ale kiasi cha kumtosha bila kulipa. Ukiyatazama hayo yote pamoja, unaona imani moja: mwili wa mtu, jamii yake na ulimwengu vinaishi kwa pumzi ile ile, qi, na pumzi ikikwama mahali pamoja, kwingine pia huumwa.

Ndiyo sababu mwili ukawa uwanja mkuu wa ibada. Mawangdui palipatikana pia mchoro wa watu 44 wakijinyoosha na kuvuta pumzi, mababu wa mazoezi ambayo leo China nzima inayafahamu. Kutamani uhai mrefu kulikuwa na upande wa hatari: wapo waliokoroga zebaki na madini mengine wakitafuta dawa ya kutokufa, na wafalme kadhaa wa enzi ya Tang wanatajwa kufa kwa dawa hizo, akiwemo Wuzong mwaka 846. Baadaye wengi waliuhamishia utafutaji huo ndani ya mwili wenyewe, kwa pumzi na tafakuri. Genghis Khan alipomwita mtawa Qiu Chuji kutoka China na kuonana naye mwaka 1222, alimuuliza kama ana dawa ya kutokufa. Mzee, aliyekuwa amepita miaka 70, alimjibu kwamba dawa hiyo haipo. Ziko njia za kuutunza uhai tu. Ilihitaji ujasiri kumwambia hivyo mtu yule.

Tunda moja la utafutaji huo limefika majumbani mwetu. Ge Hong, Mdao wa karne ya nne, aliandika kitabu cha tiba za dharura, na humo akaeleza mmea wa qinghao dhidi ya homa: uloweke majini, uukamue, unywe. Hakusema uchemshwe. Mwaka 1971 mtafiti Tu Youyou aliona maelezo hayo, akakamua dawa ya mmea bila joto kali, na kazi yake ikazaa artemisinini. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Dawa mseto ya malaria tunayoiita ALu imejengwa juu ya kiini hicho.

Bahari nayo ilituunganisha na Udao. Mazu, mungu wa kike wa mabaharia wa Fujian, alipewa nafasi katika maandiko ya Kidao, na ndiye aliyeshukuriwa na jemadari Zheng He kwenye jiwe lililosimamishwa Changle mwaka 1431. Maandishi ya jiwe hilo yanataja miji ya huku: Mogadishu iliyotoa simba, na Barawa, wanakosema lahaja ya Chimiini hadi leo, iliyotoa ngamia na mbuni.

Siku hizi matapo makubwa ya Udao ni mawili. Watawa wa Quanzhen hawaoi, hufunga nywele utosini, na makao yao mashuhuri ni hekalu la Baiyunguan, Beijing. Makuhani wa Zhengyi, warithi wa Zhang Daoling, huoa, hukaa mitaani na mara nyingi humrithisha mwana kazi. Mapinduzi ya Utamaduni ya 1966 hadi 1976 yalifunga mahekalu mengi ya China, ingawa mengi yamefunguliwa tena. Wasomi waliwahi kuwadharau makuhani hao wa mtaani wakiwaona washirikina walioipotosha falsafa ya Laozi. Katika miaka ya 1960 Mholanzi Kristofer Schipper alijifunza kazi hiyo huko Tainan, Taiwan, hadi akatawazwa kuhani. Alikuta kwamba vitabu vya mkono walivyokuwa wakivisoma kwenye ibada zao vinakubaliana na maandiko ya mkusanyo mkuu wa Kidao uliochapishwa mwaka 1445.