Goti Linalouma Lisikufungie Nyumbani

Mwezi huu tunaongea juu ya goti. Msicheke! Malaria tunafundishwa, kuhara tunafundishwa, kunawa mikono hata watoto wadogo wanaimba. Lakini nani alishakuja chini ya mwembe kutufundisha juu ya goti? Na bado ukikaa kwenye mstari wa maji asubuhi, utasikia mama mmoja anainuka na kusema, "Ayi, goti langu!" na mwingine anamjibu, "Hata mimi, dada."

Mimi ninayeandika ni mmoja wao. Acha niwaambie yangu kwanza.

NILIVYOUMIA

Nilikuwa natoka bombani na jerikani ya lita 20 kichwani. Mvua ilikuwa imenyesha, njia inateleza. Mguu ukaenda huku, mwili ukaenda kule. Goti likavimba kama papai. Nikasema, litapona tu. Wiki mbili zikapita, uvimbe ukapungua, lakini nguvu haikurudi. Nikisimama muda mrefu, goti linatetemeka. Usiku linauma mpaka usingizi unakimbia.

Nikaenda kwenye duka moja la dawa. Nikapewa vidonge vya rangi tatu ndani ya karatasi, bila jina. "Hii ni dawa ya mifupa, mama. Kunywa asubuhi na jioni." Kesho yake nikatembea kama msichana! Vikiisha, narudi. Nilifanya hivyo karibu miezi minne. Kisha tumbo likaanza kuwaka moto, na choo kikawa cheusi kama lami. Binti yangu ndiye aliyenishika mkono mpaka kituo cha afya. Muuguzi aliangalia ile karatasi tupu, akaniambia: "Mama, goti lilikuwa shida moja. Sasa umeongeza tumbo, zimekuwa mbili."

Lakini kilichoniumiza zaidi si tumbo. Mnajua kwetu mwanamke anasalimia wakubwa kwa kupiga magoti. Mimi nikawa nasimama kama mti mbele ya mama mkwe wangu. Watu wakaanza kusema, "Huyu ana kiburi siku hizi." Basi nikawa najificha. Matanga siendi, sokoni siendi, kusali naenda mara moja moja. Goti moja tu lilikuwa limenifungia nyumbani.

GOTI LIKOJE NDANI?

Goti ni mahali mfupa wa paja unapokutana na mfupa wa chini ya mguu. Mbele kuna mfupa mdogo wa duara, pia ya goti. Ncha za mifupa zimefunikwa na gegedu, kitu laini kinachoteleza, kama kile unachokiona kwenye mguu wa kuku. Kano zinaifunga mifupa isiachane. Na misuli, hasa ile mikubwa ya mbele ya paja, ndiyo inayolibeba goti kila ukipiga hatua.

Gegedu likiharibika kwa miaka, kwa kuumia au kwa mizigo mizito, goti linakuwa gumu asubuhi, linalia kwa-kwa-kwa, na linauma ukipanda au ukichuchumaa. Wazee wengi wanaumwa hivyo. Lakini sikiliza hapa: gegedu halina mishipa ya damu. Linapata chakula chake kutoka kwenye maji ya ndani ya goti, na maji hayo yanaingia na kutoka wakati goti linakunjwa na kunyooshwa. Kwa hiyo goti lisilotembea linakaa na njaa. Na misuli ya paja isiyofanya kazi inapungua upesi, mzigo wote unabaki kwenye mifupa. Mimi nilipopima mapaja yangu kwa kamba, la upande mgonjwa lilikuwa jembamba. Niliona kwa macho yangu.

MAZOEZI YATAMALIZA GOTI?

Hili ndilo swali la kila mtu. "Kama linauma, si nilale?" Siku mbili tatu baada ya kuanguka, ndiyo, pumzika. Weka kitambaa kilicholowa maji baridi ya mtungini, funga bandeji bila kukaza, inua mguu juu ya mto. Usilikande kwa nguvu siku hizo. Lakini baada ya hapo, kulala si dawa.

Wengine wanasema, "Mimi nangoja nipate pesa, niende Kampala nikapasuliwe." Upasuaji una mahali pake, hasa kwa kano iliyokatika au goti lililokwisha kabisa. Lakini mwaka 2002 madaktari wa Houston, Marekani, walitoa matokeo ya wagonjwa 180 wenye magoti yaliyochakaa. Wengine walisafishwa goti ndani kwa vyombo vidogo. Wengine walichanwa ngozi tu na kushonwa, hawakujua. Baada ya miaka miwili, waliosafishwa hawakuwa na nafuu kuliko waliochanwa ngozi tu! Kwa magoti ya namna hii, leo madaktari wanaanza na mazoezi, na kupunguza uzito kwa mwenye uzito mwingi. Mtu akipungua kilo moja, goti linapunguziwa mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua. Sisi wengi hapa hatuna kilo za kupunguza, hiyo tunajua. Kwetu mzigo wa kupunguza uko kichwani: jerikani na kuni.

MAZOEZI MANNE NILIYOFUNDISHWA

Kutoka kituoni nilipewa barua ya kumuona mtaalamu wa mazoezi ya viungo, yule ambaye kwetu Kongo tunamuita kine. Alinifundisha haya. Hakuna chombo cha kununua.

1. Kubana paja. Kaa juu ya mkeka, mguu umenyooka. Weka nguo iliyokunjwa chini ya goti. Ikandamize kwa goti, paja likaze. Hesabu mpaka tano, achia. Mara 10.

2. Kuinua mguu. Lala chali. Kunja mguu mzima, nyoosha ule mgonjwa. Uinue kiasi cha urefu wa mkono mpaka kiwiko, hesabu mpaka tano, ushushe polepole. Mara 10.

3. Kukaa na kusimama. Chukua kiti kisicho kifupi, kiegemeze ukutani. Simama bila kujivuta kwa mikono, kaa tena polepole kama unakalia mayai. Anza mara 5. Ukishindwa, ongeza blanketi juu ya kiti kiwe kirefu.

4. Kutembea. Dakika 10 kwenye njia ya sawa, bila mzigo. Kila wiki ongeza kidogo.

Matatu ya kwanza fanya kila siku, asubuhi na jioni. Kipimo cha maumivu ni hiki: likiuma kidogo wakati wa mazoezi na kufikia kesho asubuhi limetulia, endelea. Likivimba, au kesho linauma kuliko jana, punguza, usiache.

Na usingoje muujiza wa siku tatu. Mimi wiki ya kwanza nilisema, huyu kine ananidanganya. Wiki ya sita niliamka kwenda chooni bila kushika ukuta. Mwezi wa tatu nikaenda sokoni na kurudi kwa miguu.

KAZI ZA NYUMBANI

Hatuwezi kuacha kazi, watoto watakula nini? Lakini tunaweza kuzipanga.

Maji: beba lita 10 mara mbili kuliko lita 20 mara moja. Kama kuna baiskeli au toroli kwa jirani, omba. Na watoto wa kiume pia wana vichwa!

Jikoni: inua jiko juu ya matofali, upike umekaa kwenye kiti au umesimama. Kigoda kifupi ni adui wa goti.

Chooni: hapa wazee wanateseka na wanaona haya kusema. Mtoboe kiti cha zamani katikati, mkiweke juu ya tundu, au mchimbie nguzo imara ya kushika. Kazi ya nusu siku kwa kijana mwenye msumeno.

Fimbo: ishike mkono wa upande wa mguu mzima, si upande wa mgonjwa. Wengi tunakosea. Kwenye kilima au ngazi, panda na mguu mzima kwanza, shuka na mgonjwa kwanza.

DAWA NA WEMBE

Panadoli inaweza kusaidia kidogo, usizidishe kipimo. Ibuprofeni na diklofenaki zinatuliza maumivu, lakini ukizinywa kwa miezi bila kuangaliwa zinachoma tumbo na kuharibu figo, hasa kwa wazee na wenye presha. Mama mjamzito asizinywe bila kuuliza. Katika vidonge visivyo na jina mara nyingine kuna prednisoloni au deksamethasoni. Unasikia nafuu upesi, kumbe sukari inapanda, mifupa inalegea, uso unavimba. Na ukishazoea, usiache ghafla, mwambie mganga wa kituo. Kwa wote: uliza jina la dawa. Mtu asiyetaka kukutajia jina, usinunue kwake.

Kuchanjwa wembe kwenye goti ili "damu mbaya itoke" hakuponyi. Wembe unaweza kuleta pepopunda, homa ya ini na virusi vya UKIMWI, na uchafu ukiingia ndani ya goti ni hatari kubwa.

USINGOJE, NENDA KITUONI LEO

- Goti limevimba, ni la moto, na una homa. Hiyo inaweza kuwa usaha ndani. Ni ya siku hiyohiyo, usilale nayo.
- Umeanguka na huwezi kukanyaga, au goti limekwama halinyooki.
- Uvimbe wa wiki nyingi, pamoja na kukonda na jasho la usiku. Kifua kikuu kinaweza kuingia hata kwenye goti.
- Mtoto anachechemea. Mara nyingine inayoumwa ni nyonga, lakini mtoto anashika goti. Na kama viungo vinamuuma mara kwa mara, omba apimwe selimundu. Uchunguzi wa mwaka 2014 na 2015 ulionyesha watoto kama 13 kwa kila 100 Uganda wamebeba chembe ya kurithi ya ugonjwa huo. Wengi wao hawaumwi, lakini baba na mama wakiwa nayo wote wawili, wanaweza kuzaa mtoto mgonjwa.

Tangu mwaka 2001 vituo vya afya vya serikali ya Uganda havitozi malipo, na mkimbizi anahudumiwa pamoja na mwenyeji. Anza na VHT wa kijiji chako, halafu kituo cha afya. Wakiona ni lazima, omba barua ya rufaa. Wenzetu wa Lobule wako karibu na hospitali ya Koboko. Wa Logiri wana Kuluva, hospitali ya Kanisa la Uganda kusini mwa mji, lakini hiyo si ya serikali, kwa hiyo uliza malipo kwanza. Hospitali ya Rufaa ya Arua iko kwa wote. Beba kadi yako ya mkimbizi na karatasi za dawa zote ulizokunywa. Ukifika sema wazi: liliumia lini, linauma wakati gani, na kazi gani imekushinda. Usiseme tu "goti, daktari."

KWA VIJANA WA MPIRA

Ukisikia goti limelia "pa!" na kuvimba saa hiyohiyo, mechi yako imekwisha. Usifungwe kitambaa urudi uwanjani. Mnamkumbuka Yannick Bolasie wa timu yetu ya Kongo? Tarehe 4 Desemba 2016, akiwa Everton, goti lake liliumia vibaya kwenye mechi na Manchester United. Yeye alikuwa na madaktari na pesa, na bado alirudi uwanjani Desemba 2017. Mwaka mzima wa matibabu na mazoezi! Basi wewe wa uwanja wa mawe usiseme wiki moja inatosha.

NENO LA MWISHO

Mpaka leo goti langu halikunji mpaka mwisho, na kupiga magoti siwezi vizuri. Lakini niliacha kujificha. Nilienda kwa mama mkwe, nikamuelezea yote, hata habari ya choo cheusi. Alikaa kimya, halafu akafunua kitenge chake, akanionyesha goti lake la kushoto lilivyovimba. Miaka mingi alikuwa anapiga magoti mbele ya wakubwa wake na kunyamaza. Siku hizi tunakaa wote wawili juu ya viti viwili uani, asubuhi na jioni, tunasimama na kukaa, tunasimama na kukaa. Wajukuu wanahesabu na kutucheka.

Ndugu msomaji, ukimuona mtu hapigi magoti kukusalimia, usianze kusema ana kiburi. Muulize kwanza kama anaumwa. Na wewe unayeumwa, anza leo na zoezi la kwanza. Mkeka unao.

Tuonane mwezi ujao. Salamu kwa wote nyumbani.