Damu ya marehemu haihesabu vidonge

Kila kinapotokea kifo cha kutatanisha, wasomaji huuliza: kama maabara imekuta dawa kwenye damu, mbona haisemi marehemu alimeza vidonge vingapi? Kwa sababu mtaalamu mwaminifu hawezi kuapa mahakamani juu ya idadi hiyo.

Hesabu yenyewe inaonekana nyepesi. Kiwango cha dawa katika lita moja ya damu huzidishwa kwa uzito wa mtu, kisha kwa ujazo ambao dawa husambaa mwilini kwa kila kilo. Tuchukue amitriptilini, dawa ya sonona, kwa mfano wa kubuni: miligramu 1 kwa lita, mtu wa kilo 60, lita 10 kwa kila kilo. Jibu ni miligramu 600, yaani vidonge 24 vya miligramu 25.

Lakini hiyo ni hesabu ya mtu aliye hai. Moyo ukisimama, seli hukosa oksijeni, asidi huongezeka ndani yake na kuta zake huanza kuvuja. Amitriptilini iliyokuwa imejikusanya kwenye mapafu, ini na misuli ya moyo hurudi kwenye damu iliyo jirani, saa baada ya saa. Hata iliyobaki tumboni hupenya taratibu kwenda viungo vya karibu. Damu ya moyoni ikionyesha mara tatu ya ile ya pajani, vidonge 24 vinakuwa 72, na mtu anaweza kushtakiwa kwa vidonge ambavyo havikumezwa kamwe. Ndiyo maana sampuli inayoaminiwa zaidi hutoka kwenye mshipa wa paja. Hata hapo, aliyetumia dawa kwa miezi mingi ana akiba mwilini. Hivyo dawa hulinganishwa na mabaki yaliyokwisha kuchakatwa na ini. Dawa ikiyazidi sana, huenda ilimezwa karibuni.

Wapo wanaoshikilia kwamba mwili kuwa mweusi au kutoa povu ni uthibitisho wa sumu. Si kweli: kuoza hubadilisha rangi na kusukuma majimaji puani hata kwa aliyekufa kwa malaria. Na mganga anayetaja mtia sumu kwa kutazama maji kwenye bakuli anagombanisha ukoo kwa malipo. Hana kipimo chochote.

Aliyezidisha dawa apelekwe hospitali mara moja, bila kupewa maziwa wala kutapishwa. Bebeni pakiti na vidonge vilivyobaki. Akifariki, wakabidhini polisi pakiti hizo na mtaje dawa alizokuwa akitumia. Msizitupe: huisaidia maabara kulinganisha na kinachokutwa kwenye damu.